Shemeji kachomelea, chesisi imepasuka: nimwambieje?

SWALI

Shikamoo fundi. Nakuandikia kutoka Morogoro, naishi Kihonda na nauza duka la pembejeo. Naomba ushauri kabla sijaharibu zaidi, maana nilipofika panatosha.

Mwaka jana nilinunua pikipiki, Boxer BM 150 iliyotumika, mwenyewe alikuwa bodaboda anahamia kwenye bajaji. Injini nzima, haitoi moshi wala haigongi, kadi ipo, umiliki tukahamisha TRA. Kasoro yake ilikuwa sura tu, imechoka, imejaa stika. Mimi nilikuwa nimeshalewa na zile pikipiki wanazoziita cafe racer: siti fupi yenye nundu nyuma, usukani umelala, chini ya siti peupe unaona mpaka ng'ambo. Nikasema hii naitengeneza mwenyewe uani kwangu.

Kazi ya chuma nilimpa shemeji, kaka yake mke wangu. Ni fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, na ana jina hapa mtaani. Tulikata mkia wote wa chesisi uliokuwa umepinda kwenda juu, akachomelea bomba lililonyooka ili tanki na siti vikae mstari mmoja. Bomba lenyewe lilikuwa limebaki kwenye kazi ya maji, lile la robo tatu. Bolti za juu za shokapu za nyuma nazo zikahamia kwenye bomba hilo. Maungio aliyasugua kwa grainda mpaka ukipitisha kidole husikii kitu, tukapaka puti, tukapuliza rangi nyeusi isiyong'aa chesisi nzima toka shingoni hadi mkiani. Hakunidai hata mia.

Mengine nilifanya mwenyewe. Niliondoa bokisi la filta nikafunga filta ya koni moja kwa moja kwenye kabureta. Ekzosi nikaikata nikaacha kipande. Betri niliitoa kwa sababu ilikuwa inaziba ule uwazi, si inawaka kwa kiki? Waya zilikuwa nyingi mno; ambazo sikuona kazi yake nilizikata, zilizobaki nikazisokota, nikazifunga tepu na kuzificha chini ya tanki. Kiboksi cha fyuzi nacho hakikuwa na pa kukaa. Usukani nikaweka ule wa vipande viwili unaofungwa chini, kila kimoja na upande wake.

Siku ya kuitoa mtaa mzima ulisimama. Shemeji aliipiga picha, mpaka leo ndiyo picha yake ya WhatsApp, na kuna vijana wamemfuata wanataka awakatie na wao.

Sasa sikia. Taa kubwa inaungua balbu kila nikivuta mafuta kwa nguvu. Nikiwasha indiketa ya kulia, na ya kushoto nayo inawaka, na nikikanyaga breki honi inakoroma. Nikiachia mafuta inapiga risasi kwenye ekzosi mpaka watu wanainama, na plagi nikiifungua ni nyeupe pee. Nikikata kona kushoto injini inanguruma yenyewe. Ikifika spidi sitini mkia unayumba, na mke wangu akipanda tairi linasugua chini ya siti. Juzi baada ya mvua nilikuwa naifuta, nikaona mchirizi wa kutu umetokea chini ya rangi, juu kidogo ya bolti ya shokapu upande wa kulia. Nikapitisha ukucha, ukakwama.

Mwezi ujao kuna harusi ya ukweni, Iringa. Shemeji keshautangazia ukoo kwamba mimi na dada yake tutakwenda na pikipiki, watu waione kazi. Rafiki yangu anasema nirudishie moto pale palipopasuka, yaishe. Mke wangu anasema tuiuze kama ilivyo, kuna kijana wa chuo ameipenda na wala haulizi maswali. Na mimi naogopa kumwambia shemeji, itaonekana nadharau kazi yake na alinifanyia bure. Nifanyeje?

Mume wa Dada Mtu, Morogoro

JIBU

Marahaba, Mume wa Dada Mtu. Kwanza hiyo pikipiki isitoke hapo uani. Hata dukani usiende nayo. Ikibidi kuipeleka kwa fundi, ipakie kwenye guta au kirikuu. Na Iringa nendeni na basi, shemeji atangaze upya.

Umenitajia matatizo kwa mpangilio wa yanavyokukera, taa mbele na ufa mwisho. Mimi naanzia mwisho. Taa ikizimika unasimama pembeni. Bomba linaloshika shokapu likikatika ukiwa na mke wako nyuma, siti inashuka juu ya tairi na tairi linajifunga. Na njia uliyokuwa umepanga kupita ni ile ya matuta ya hifadhi ya Mikumi, kisha Kitonga, kona na malori mazito, watu wawili na mzigo wa harusi. Bomba lako limeanza kufunguka ukiendea dukani tu.

Ukitaka uhakika ufa umefika wapi, fanya hivi. Toa rangi na puti kuzunguka kiungo chote, pande zote mbili, kwa dawa ya kutolea rangi na brashi ya waya. Futa kwa petroli ikauke. Paka mafuta ya taa, acha kidogo yaingie, kisha futa kabisa kwa kitambaa kikavu na upake chaki ya shuleni juu yake. Palipo na ufa mafuta yatarudi nje na kuchora mstari wa unyevu kwenye chaki. Ni njia ya kizamani na haina gharama. Angalia na upande wa kushoto, usidhani umepona kwa sababu hauna kutu.

Kwa nini pamepasuka? Shemeji wako simlaumu kwa ufundi wa kuchomelea, namlaumu kwa kutobadilisha kazi kichwani. Geti likishasimikwa linabeba uzito wake na kufunguliwa asubuhi na jioni. Kiungo cha shokapu kinapigwa na kila shimo la barabara, kinapinda kidogo na kurudi, kinapinda na kurudi, na chuma kilichochoka hakitoi taarifa. Halafu bomba la maji limepakwa zinki. Zinki inachemka mapema sana, chuma kikiwa bado hakijayeyuka, inatoa ule moshi mweupe na kuacha vitundu ndani ya weldi. (Muulize kama usiku ule hakupata homa na kutetemeka. Mafundi wengi hunywa maziwa wakiamini yanakinga. Hayakingi, kinachosaidia ni kuisugua zinki yote kabla ya kuchoma na kufanyia kazi mahali penye hewa.) Juu ya hayo mkasugua maungio yakalala. Kama moto haukuingia hadi ndani ya ukuta wa bomba, ile nundu ya weldi ndiyo iliyokuwa imeshika, na ninyi mkaiondoa kwa ajili ya urembo, mkafunika na puti.

Kurudishia moto juu ya ufa, kama anavyosema rafiki yako, ni kuuzika ufa ukiwa hai. Utaonekana umeziba, kisha utafunguka pembeni, pale chuma kilipopata moto na kulainika au kukakamaa. Bomba hilo lote litoke.

Tafuta kwa wauza vyuma chakavu mkia wa Boxer BM 150, ile sehemu ya nyuma ya chesisi yenye masikio ya shokapu ya kiwandani. Nasema mkia tu. Usinunue chesisi nzima ya mtu ukahamishia injini yako bila karatasi, na asije mtu akakushauri kukata kipande chenye namba na kukipandikiza; hiyo ni jinai. Mkia huo uungwe kwenye mabomba yako ya asili kwa namna hii: ndani ya kila bomba liingie bomba dogo linalobana, lipenye walau sentimita 4 kila upande wa kiungo. Bomba la nje litobolewe matundu kila upande, yajazwe weldi ili la ndani lishikwe na lisiwe linaelea. Mkato wa kiungo uwe wa mshazari, usiwe wa mviringo ulionyooka. Na weldi ikishapoa, grainda ikae mbali.

Mtu wa kuichoma awe na mashine ya agoni (ile inayofunika weldi kwa gesi isiguswe na hewa) au gesi na awe amezoea mabomba membamba. Hapo Kihonda una chuo cha VETA jirani, anza kuuliza pale. Kabla hajawasha moto, tanki litoke kabisa kwenye pikipiki, na soketi za CDI (kidude kinachotoa cheche ya plagi) na rektifaya (kinachopima umeme wa kwenda kwenye betri) zichomolewe. Umeme wa weldingi hupita unapotaka na huua vidude hivyo kimyakimya. Usinishangae nikisema huenda rektifaya yako ilikufa siku ileile mlipokata mkia.

Mkimaliza, kabla ya rangi, pimeni. Funga uzi toka tairi la nyuma kwenda la mbele, kulia na kushoto, uone kama magurudumu yamekaa mstari mmoja. Pima kwa futi toka ekseli ya nyuma hadi sikio la shokapu, pande zote mbili. Zikipishana, ndilo jibu la mkia kuyumba. Kama ziko sawa na bado inayumba, angalia beringi za shingo na spoki zilizolegea.

Ndiyo, mstari wa siti utapanda kidogo nyuma kama ulivyotoka kiwandani. Siti fupi yenye nundu bado inakaa juu yake. Waingereza walioanzisha mtindo huu miaka ya 1950 na 1960, wale wa Ace Cafe pale London, walikuwa wanapunguza uzito na kulaza usukani wakimbizane kwenye lami. Walithubutu hata kuchukua injini ya Triumph na kuipandikiza kwenye chesisi ya Norton, na chesisi ya Norton waliitaka kwa sababu ilikuwa imara. Hizi za kukata mkia ili picha itoke vizuri zimekuja baadaye sana.

Sasa hilo la kona ya kushoto, ambalo umelipitia kwa sentensi moja. Usukani umeshuka na kusogea, kebo ya mafuta haijabadilishwa njia. Ukikata kushoto kebo inavutika na injini inapata mafuta bila mkono wako. Siku moja utakuwa unageuza taratibu mbele ya mama mwenye ndoo na pikipiki itaruka. Weka injini ikiwa moto, silensa (mwendo wa injini bila kuvuta mafuta) ya kawaida, zungusha usukani toka mwisho hadi mwisho: mlio usibadilike hata kidogo. Ukibadilika, pitisha kebo upya au nunua inayolingana na usukani huo. Angalia na kidole gumba kisibanwe kati ya usukani na tanki. Kikibanwa, rudisha usukani wa zamani tu. Mgongo wako utashukuru.

Umeme umeufanyia ukatili, lakini unatibika. Betri si ya stata peke yake. Sumaku ya injini inatoa umeme unaopanda na kushuka kadiri unavyovuta mafuta, rektifaya inaupunguza, na betri ndiyo inayoutuliza. Ukiitoa, kila ukivuta mafuta umeme unaruka na balbu ya kwanza kuuona ndiyo inaungua. Indiketa kuwaka zote na honi kukoroma ukishika breki ni dalili ya waya wa bodi: mlipuliza rangi mpaka pale unapofungwa kwenye chesisi, umeme umekosa pa kurudia, unapitia kwa jirani. Kwangua rangi pale kwenye bolti ya bodi mpaka chuma king'ae, kaza, paka grisi kidogo.

Waya ulizokata usijaribu kuziunga kwa kukisia rangi. Nunua wayaringi nzima iliyotumika ya Boxer kama yako, itandaze sakafuni, itambue soketi kwa soketi, kisha ifunge kama ilivyokusudiwa. Kama unaupenda ule uwazi, betri ndogo iliyofungwa vizuri inaweza kukaa ndani ya nundu ya siti. Lakini fyuzi irudi leo kabla ya kesho. Umenambia waya zisizo na fyuzi, zimesokotwa na tepu, ziko chini ya tanki la petroli, juu ya injini ya moto. Sina haja ya kukuchorea.

Betri ikisharudi, chukua mita. Injini imezimwa, betri iliyojaa isome volti 12.6 hivi. Injini ikizunguka katikati, isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikipita 15 rektifaya imekwisha, badilisha kabla haijakaanga betri mpya.

Kabureta nitaipitia haraka kwa sababu dawa yake iko kwenye kiroba chako, kama hukulitupa bokisi la filta. Lirudishe, na ekzosi nzima irudi. Kabureta ile ilipimwa ivute hewa kupitia bokisi lile. Umeifungulia hewa mbele na nyuma, menjeti (kitundu kinachopima mafuta ndani ya kabureta) ni ileile, hivyo hewa imezidi mafuta. Ndiyo sababu ya plagi nyeupe na risasi. Moto wa namna hiyo ni mkali, unaunguza valvu na unaweza kutoboa pistoni ukiwa na mzigo mlimani. Watakuja wajuzi wakwambie Iringa iko juu, zaidi ya mita 1,500, hewa nyepesi, kwa hiyo mchanganyiko utajirekebisha. Kweli juu hewa hupungua, ila pistoni itakuwa imeshayeyuka Kitonga kabla hujafika huko. Ukishikilia filta ya koni, itabidi upandishe menjeti saizi moja moja: kimbiza mafuta yote kwenye barabara tupu, zima injini huku umeshika klachi, simama, fungua plagi. Ikiwa na rangi ya biskuti umefika. Ikiwa nyeusi ya masizi umepitiliza. Na baada ya kazi yote hiyo nguvu mpya hutaiona, utasikia kelele tu, na vumbi la barabara zetu litapita kwenye koni ile ya bei rahisi likale ringi.

Kumuuzia yule kijana: hapana. Anayejua ufa na anauza kimya, siku mtoto wa watu akivunjika hana pa kujificha, na mimi nisingependa kijana huyo awe amenisoma akakosa kuonywa. Ukichoka nayo, iuze kama vipande, mnunuzi aonyeshwe ufa kwa kidole, au itengeneze kwanza.

Shemeji sasa. Usimwambie kwa simu, na usimwambie ukweni mbele za watu. Mwite uani siku chaki ikiwa bado iko kwenye bomba. Usianze na maneno; mpe tochi aangalie mwenyewe. Fundi akiona ufa kwenye weldi yake hahitaji mhubiri. Kisha mwambie, "Kaka, tulikata pasipotakiwa, nataka tutoe hili bomba pamoja." Sema tulikata, kwa sababu mkato ulikuwa wazo lako na si lake, yeye alichomelea ulichomwomba. Kazi ya kutoa bomba, kutoboa matundu na kupima kwa uzi mpe yeye. Moto wa mwisho achome wa agoni, yeye akiwa pale anatazama. Atakwenda na ujuzi mpya, na huo ni heshima kuliko kumficha.

Na usingoje harusi ipite. Kuna vijana wamemfuata awakatie. Kila siku unayokaa kimya kwa kuona aibu, anaweza akawa anakata mkia wa pikipiki ya mtu mwingine kwa bomba lilelile. Dada yake akikusaidia kumwita ni sawa, ila maneno yawe yako.

Bado moja ambayo hukuuliza. Mmepuliza rangi na puti toka shingoni, na kwa pikipiki nyingi namba ya chesisi imegongwa hapohapo shingoni. Askari akiinama asiione, au akaona imefunikwa, wewe ni mwizi mpaka ithibitike vinginevyo. Ifungue kwa dawa ya kutolea rangi na brashi laini ya shaba. Grainda na msasa visiguse. Ilinganishe na kadi, na ukiwa na kadi mkononi soma na mstari wa rangi: kama uliinunua nyekundu na sasa ni nyeusi, nenda TRA ubadilishiwe kadi. Na kama tarakimu hata moja imeliwa na grainda, usijaribu kuichonga upya. Chukua kadi na karatasi za mauziano uende polisi na TRA ukaeleze, kabla hawajakuuliza wao.